Sisimizi Wametangulia

Michembe ikianza kuchemka na karanga, nyumba nzima hunukia utoto wangu. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vigae. Ukivichemsha vinalainika, vinautoa utamu viliouficha, na mvuke wake una harufu ya udongo, ya moshi na ya sukari kwa pamoja. Wasukuma wenzangu hawahitaji maelezo. Wao wameshaanza kumeza mate.

Juzi niliichemsha hapa kwangu Bariadi, nikaipakua kwenye bakuli la bati lenye maua ya bluu na kovu jeusi pale rangi ilipobanduka. Mume wangu akauliza kwa nini bakuli bovu namna ile silitupi. Mume wangu ni mtu mwema ila ana ulimi. Husema safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka jikoni hadi kitandani, na kwamba iko siku nitadai posho ya safari. Nikamjibu, "Mimi na bakuli hili tuliwahi kusimamisha uwanja mzima wa Ngulyati." Alicheka mpaka akapaliwa.

Ninyi msicheke kwanza. Kaeni niwasimulie.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitumwa dukani walikwenda wakikimbia. Mimi nikitumwa niliumwa tumbo. Nililipenda jiko letu, giza lake, majivu yake, hata paka wake ambaye hakunipenda. Jina langu ni Kabula, lakini baba aliniita Figa. Alisema jiko letu lina mafiga matatu ya mawe na la nne lenye macho. Wageni walipoonea huruma mtoto asiyetoka, mama aliwatuliza kwa neno lake: "Mwacheni. Figa likitembea, chungu humwagika."

Baba yeye nyumbani alikuja kubadilisha shati. Alikuwa ningi, yaani manju, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Wagika. Kwetu kila mcheza ngoma ni Mgika au Mgalu, na mashindano yetu hayana majaji wala alama. Makundi mawili huanza kucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kama mbuzi waliotoroka mchungaji. Jioni, upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kazi ya ningi si kuimba tu. Kazi yake ni kuvuta watu. Walikuwapo waliovuta kwa chatu, waliovuta kwa fisi aliyefungwa kamba, waliovuta kwa kula moto. Baba alivuta kwa mdomo wake. Alikuwa akitunga wimbo papo hapo, mtu aliyekuwa anapita njia na gunia la chumvi analitua, anasahau aliikusudia nyumba gani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Simiyu ilikuwa haijazaliwa, sisi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Pamba, ambayo zamani iliolewa na Ushirika peke yake, ghafla ilikuwa na wachumba. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na malori yao, na kila mmoja alitaka wakulima wamkimbilie yeye. Mmoja wao akagundua jambo ambalo serikali ilikuwa bado inalitafuta: Msukuma ukimwita mkutanoni atasema ng'ombe wake wanaumwa, ukimpigia ngoma atakuja yeye, mke wake na hao ng'ombe. Akaanza kuandaa mashindano kila msimu wa mauzo, karibu na ghala lake kule Ngulyati.

Mwaka huo huo baba alianza kunywa maji. Najua kila mtu hunywa maji. Baba alikunywa mtungi. Mama alikuwa akirudi kisimani, anautua, anageuka kufunga khanga yake vizuri, akigeuka tena mtungi ni mwepesi. Na maji yakiingia hutoka. Baba akawa mtu wa kukimbilia nyuma ya zizi. Alikonda mpaka suruali yake ya mtumba ikashikiliwa na kamba ya katani. Yeye mwenye hadithi akawa anasinzia katikati ya hadithi yake mwenyewe.

Mimi niliona kitu ambacho wengine hawakukiona, kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Pale nyuma ya zizi alipojisaidia baba, sisimizi walipanga foleni. Walitoka kwenye kichuguu, wakapita chini ya ua, wakafika pale na kuzunguka kwa furaha kama waliofika arusini. Niliwatazama asubuhi nzima. Nikadhani wamehamia kwetu kwa kuwa sisi ni watu wakarimu.

Siku ya mashindano ya kwanza msimu ule, baba alikatisha wimbo mara kadhaa na kukimbilia vichakani. Upande wa pili alikuwepo Luhende, ningi wa Wagalu, mtu mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Wacheza ngoma wetu hutukanana kwa nyimbo. Ndiyo desturi, na tusi zuri linaweza kuishi kuliko aliyelitunga. Luhende akamsubiri baba arudi kutoka vichakani, kisha akaimba wimbo ambao nautafsiri hapa kwa Kiswahili changu cha kidato cha nne:

*Wengine huvuta watu,*
*ningi wa Wagika huvuta sisimizi!*

Uwanja ulicheka, na watu wanapocheka huenda kwa aliyewachekesha. Jioni ile upande wetu walibaki wake za wachezaji na mbwa mmoja.

Kushindwa hakukumuuma baba sana. Alishawahi kushindwa, na alishawahi kushinda. Kilichomchoma ni wale sisimizi. "Nani kamwambia?" aliuliza njia nzima. Habari za nyuma ya zizi letu Luhende kazipataje, yeye anayekaa mbali vile? Mama akamshuku jirani yetu aliyezoea kuja asubuhi kuomba moto. Maskini yule mama alinyimwa moto msimu mzima bila kujua kosa lake.

Aibu ndiyo iliyompeleka baba hospitali. Ugonjwa peke yake usingeweza. Akaenda Bariadi mjini na mama, kwa baiskeli. Mimi sikwenda, bila shaka. Haya nayasimulia kama mama alivyoyasimulia, na mama hakuwa mtu wa kupunguza chumvi.

Walipima mkojo wake. Nesi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo kutoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akamwambia, "Mzee, una kisukari. Chako ni kile cha ukubwani, tutaanza na vidonge. Utavimeza kila siku. Ugali upunguze, chai unywe bila sukari, pombe iache. Na hizo ngoma nazo upumzike."

"Mpaka lini, sista?"

"Mpaka mwili utulie. Pengine moja kwa moja."

Baba alitazama vile vidonge ndani ya bahasha ya kaki. Kisha akasema neno ambalo mama alilirudia kwetu mara nyingi, kila mara akiwa ameacha kucheka: "Sasa sista, unaniponya ili nikafanye nini?"

Nesi akaita mgonjwa aliyefuata. Watu walikuwa wengi kwenye benchi.

Vidonge vyenyewe havikuwa vya kukosa. Mjini palikuwa pamefunguliwa duka la dawa baridi la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mpole, mwenye kofia safi. Hospitali ikiishiwa, kwake vilikuwepo. Zamani, walisema, mtu angevifuata Mwanza. Kwa hiyo dawa ilikuwepo, maelezo yalikuwepo, na baba alikuwa na akili timamu. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mcheza ngoma wa kwetu tu angeweza kulifanya.

Kila kundi la ngoma lina dawa yake, ya kuvuta watu na kuzuia ubaya wa wapinzani. Baba alibatizwa na Jumapili aliimba kanisani, lakini ngoma ilikuwa na utaratibu wake na padri hakuulizwa. Utaratibu wenyewe ni huu: dawa ya ngoma huwekwa akiba mpaka siku ya mashindano. Anayeichezea kila siku ni mwoga, na dawa humzoea. Siku yenyewe ikifika, huitumii pamoja na chakula. Chochote kilichopikwa kwenye mafiga ya nyumbani kikigusa mdomo wa ningi kabla jua halijashuka, dawa inakufa.

Sasa baba alimeza vidonge vya nesi siku chache tu, kiu ikapungua, usingizi ukamjia. Akavitazama kwa heshima mpya. Akasema, "Hii dawa ni kali kweli, haifai kuchezewa." Akaacha kuimeza. Akaifunga kwenye kitambaa na kuitia kwenye kimkoba chake cha ngoma, akiitunzia siku ya vita.

Kiu ikarudi, kukonda kukarudi, naye akavumilia kama mtu mwenye siri nzuri.

Siku ya mashindano ya pili mimi pia nilikwenda, kwa sababu mama alikwenda kuwapikia wachezaji, na chungu kikienda, figa huenda nacho. Nilikaa chini ya mkokoteni wa ng'ombe nikiwa nimejifunika khanga kichwani, nikililia jiko letu. Nilimwona baba akifungua kile kitambaa mbele ya wenzake. Hakuwa amekula tangu jana yake. Akavimwaga vidonge kiganjani, konzi nzima, akavimeza kwa funda moja la maji, na wachezaji wakaitikia kwa kishindo kama wafanyavyo waonapo dawa mpya.

Alianza vizuri kupita kawaida. Watu wakaanza kuvutika. Halafu jasho likamtoka, si jasho la ngoma, jasho la baridi. Maneno yakaanza kugongana mdomoni. Alimwita mpiga ngoma wake kwa jina la mama mkwe. Watu walidhani ni mzaha, wakacheka. Magoti yakaisha, akakaa chini katikati ya uwanja kama mtoto aliyechoka kutembea, mikono inatetemeka.

Upande wa Wagalu walipiga vigelegele. Upande wetu walilia kwamba ametupiwa kitu, na fundi wa dawa wa kundi akaanza kuvua ushanga tayari kwa kazi. Mama hakumngoja. Alikumbuka maneno ya nesi: akitetemeka na kutoka jasho la baridi, na bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu upesi. Kando yake alisimama karani wa yule mnunuzi wa pamba, shati jeupe, soda mkononi, ndiyo kwanza kaifungua. Mama aliichukua. Karani akabaki ameshika hewa, mdomo ameutengeneza kwa kunywa.

Baba alikunywa polepole, kichwa kikiwa mapajani mwa mama. Baada ya muda macho yakarudi mahali pake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Tumeshinda?"

"Umeshinda kaburi," mama akamwambia. "Nyamaza unywe."

Wiki hiyo wazee wa kundi walikuja kwetu. Ningi hushika usinga, ule mkia wa mnyama uliofungwa kwenye kijiti kilichovikwa shanga. Usinga wa kundi letu aliushika babu kabla ya baba. Walitaka kuuchukua. Walizungumza kwa upole, na upole wao ulitisha kuliko matusi. Mwishowe wakakubaliana kumwachia mpaka msimu ujao. "Ukianguka tena, Masanja," alisema mkubwa wao, "usinga unakwenda kwa mwingine. Hatutakuja tena kuomba. Tutauchukua uwanjani." Baba aliitikia kwa kichwa. Walipoondoka aliuweka ule usinga magotini akawa anauchana nywele kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari.

Mama aliketi karibu yake. Baba akamweleza hesabu zake zote za dawa ya vita, naye mama akazisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Baba Kabula," akasema, "wewe ni mkulima. Pamba yako unaipalilia lini?"

"Swali gani hilo?"

"Lijibu hivyo hivyo lilivyo."

"Ikiwa inakua."

"Kumbe. Huachi magugu mpaka siku ya mizani, halafu ukaingia shambani na majembe ya kijiji kizima?"

Mama akainuka akakung'uta khanga. "Basi vile vidonge ni palizi. Si vita."

Walirudi kwa yule nesi, na safari hii walimweleza mambo ya ngoma bila kuficha. Nesi alisikiliza, kalamu akaiweka chini. Nadhani lile swali la baba lilikuwa limemkaa. Hakusema tena acha. Alisema, "Kama utacheza, basi ule. Vidonge kupita kiasi, tumbo tupu na jasho, hivyo ndivyo vilivyokuangusha. Meza nilivyokuandikia, kila siku, na chakula. Na siku ya kucheza, katikati ya ngoma tia kitu tumboni."

"Ningi hali uwanjani, sista."

"Basi ningi ataanguka uwanjani. Chagua."

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa palizi. Mama aliitundika ile bahasha ukutani jikoni, na kwa kuwa mimi nilikuwa sehemu ya jikoni, kila asubuhi uji wa mtama ulipopoa nilipaza sauti, "Baba, palizi!" Alikuja akilalamika. Alilalamikia uji usio na sukari, alilalamikia tonge lake la ugali lililokuwa kubwa kama ngumi ya mtu na sasa lilikuwa dogo kama yai la kanga. Wenyeji waliomwalika na kumwona anaacha chakula walikasirika, akawatungia wimbo wa kuwaomba radhi, wakamsamehe. Pombe ilimtoa machozi, sisemi zaidi. Lakini kamba ya katani ikafunguliwa kiunoni. Akawa anamaliza hadithi zake. Akalima mpaka mwisho wa tuta bila kuketi. Jioni moja alinibeba begani, mimi mkubwa vile, akanizungusha uani mpaka paka akatukimbia. Na nyuma ya zizi sisimizi wakahama. Nilisikitika kidogo; nilikuwa nimewazoea.

Msimu ukafika.

Mpango wa mama ulikuwa wa siri. Baba atacheza, jua likifika utosini atatoka kidogo, atapita nyuma ya mkokoteni wetu, atakula michembe na karanga haraka, atarudi. Wazee wa kundi wasijue. Michembe ilikuwa tayari ndani ya bakuli la maua ya bluu, na mimi nilikuwa mahali pangu, chini ya mkokoteni, nimejifunika khanga.

Wagalu siku ile walikuja na chatu. Chatu ni chatu. Hata ukiwa na sauti ya malaika, watu watakwenda kwanza kumwona. Upande wetu ulikuwa na watu wa kuhesabika. Baba aliimba kwa nguvu, aliimba vizuri, naye Luhende aliimba vizuri zaidi kwa sababu alikuwa na chatu shingoni. Jua likapanda. Baba akaanza kusogea kuelekea mkokoteni, pole pole, akicheza, kama mtu asiye na nia yoyote. Luhende hakuwa na usingizi. Sauti yake nene ikavuka uwanja mzima:

*Mwacheni apite,*
*anawafuata sisimizi wake!*

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Baba akasimama. Akatazama mkokoteni, akawatazama wazee wake, ambao walimtazama bila kupepesa. Kijana aliyeandaliwa kurithi usinga alikuwa amesogea mbele hatua kadhaa. Baba akageuka akarudi katikati.

Mimi nikaona usinga unatikisika wakati upepo haukuwepo.

Mama pia aliuona. Akachukua bakuli akaliweka mikononi mwangu. "Figa, mpelekee."

"Mimi?"

"Mimi nikienda watasema mke kamfuata mumewe kumrudisha nyumbani. Wewe ni mtoto. Nenda."

"Mayu, wote wananiona."

"Ndiyo. Nenda."

Ndugu zangu, mimi ninayeumwa tumbo nikitumwa dukani. Kati ya mkokoteni na baba palikuwa na uwanja mtupu, vumbi jeupe na macho ya watu wote wa Ngulyati. Nilitembea. Nililishika bakuli kwa mikono miwili kifuani, nikakaza macho kwenye lile kovu lake jeusi ili nisione kingine. Nilisikia mtu akiuliza, "Yule mtoto wa nani?" Nikasikia mwingine, "Ana nini mle?" Kicheko kilipungua. Mpaka leo naamini nilitembea kutwa nzima.

Nilipofika, sikujua la kufanya. Baba alikuwa mrefu, uso una jasho, midomo inacheza. Alinitazama, akalitazama bakuli, akawatazama wazee. Hapo kulikuwa na mambo mawili tu: ale, avunje mwiko wa kundi mbele ya watu wote, au asile, aanguke. Alishusha pumzi. Kisha akapiga magoti mbele yangu, kwenye vumbi, na usinga wake na shanga zake, akafumbua mdomo kama kinda la njiwa.

Nikamlisha. Kipande kwa kipande, kwa vidole vyangu. Mpiga ngoma wetu, Mungu ambariki, hakunyamaza; aliipunguza ngoma ikawa inapiga kama moyo. Baba alitafuna. Watu wa mbele wakasogea waone vizuri. Wa nyuma, waliozibwa na wa mbele, wakasogea zaidi. Mtu mmoja upande wa Wagalu akapiga kelele, "Ningi analishwa na mtoto!" na waliokuwa wakimtazama chatu wakageuza shingo.

Baba alimeza la mwisho. Akangoja kidogo, bado kapiga magoti, mkono wake begani kwangu. Ule mtetemo nikausikia ukipungua, ukipungua, ukaisha. Halafu akainuka, akaunyosha usinga kuelekea kwa Luhende, na akaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, sauti ya mtu aliyeshiba, akimwita adui yake ng'wana wane, yaani mwanangu:

*Sisimizi hafuati uchungu, ng'wana wane,*
*sisimizi hufuata utamu.*
*Wadudu wadogo wameujua,*
*ninyi wenye macho je?*
*Sisimizi wametangulia,*
*mwangoja nini ninyi?*

Mwanamke mmoja akaachia kigelegele, na baada ya hapo ilikuwa kama lango la zizi limefunguliwa. Walikuja! Walikuja wakicheka na kusukumana, na watoto mabegani, na baiskeli mabegani. Vumbi likapanda. Kiitikio wakakidaka wenyewe, *wametangulia, wametangulia*, wazee wetu nao wakakiimba huku wakijifanya hawakuona chakula. Yule kijana wa kurithi usinga alikuwa akiruka juu kuliko wote. Jua liliposhuka, upande wa pili alibaki Luhende, wapiga ngoma wake na chatu, na chatu mwenyewe alikuwa ameelekeza kichwa kwetu. Yule karani wa soda alikuja kumpa mama mkono.

Mimi nilibebwa juu juu mpaka mkokotenini. Nilitapika njiani, lakini kwa ushindi.

Toka siku hiyo bakuli likawa sehemu ya ngoma yetu. Watu waliuliza, "Figa yupo?" kabla hawajauliza chatu yupo. Nami, niliyependa giza la jikoni, nikawa kila msimu navuka uwanja, nikitetemeka vile vile, baba akipiga magoti vile vile.

Msimu uliofuata ndipo niliposhuhudia wizi. Luhende alikuja Ngulyati na binti yake mdogo, na binti alikuwa na kibuyu cha uji, na jua lilipofika utosini Luhende alipiga magoti akanyweshwa! Nilitaka kulia kwa hasira. Vijana wetu wakatunga papo hapo wimbo wa mwizi wa bakuli, wimbo mkali, mtamu. Baba akawakatiza. "Hapana," alisema. "Huo hauimbwi." Alikuwa akicheka, lakini si kicheko cha dharau. Jioni, ngoma ilipokwisha, alivuka uwanja akaenda kukaa na adui yake, wakazungumza mpaka mama akamwita. Niliona kimkoba cha baba kinafunguliwa, na ile bahasha ya kaki ikitolewa, baba anaionyesha na kueleza kwa mikono, anapalilia hewa. Nikadhani anamwonyesha dawa iliyomshinda. Nikaridhika.

Miaka ikapita. Nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa karibu ili nisichoke njiani. Baba aliimba misimu mingi, na alipoukabidhi usinga aliukabidhi kwa hiari yake, kwa sababu ya magoti. Alisema amewapigia watoto magoti mno. Palizi yake anaendelea nayo. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, na mume wangu husema siku hizo tu ndizo jua hunitambua.

Siku moja tukiwa kwenye benchi la kliniki, mzee mwembamba akaketi kando yetu na fimbo yake. "Mwadila, Masanja," akasalimia kwa Kisukuma, na ile sauti nene kuliko mwili ikanisimamisha nywele. Mkononi alishika bahasha kama yetu.

"Mwadila, Luhende. Magugu yanasemaje?"

"Yanaota, napalilia."

Wakacheka, wazee wawili wasio na meno ya kutosha. Nami nikajikuta nauliza swali lililomnyima jirani yetu moto msimu mzima. "Baba Luhende, ule wimbo wa sisimizi. Nani alikwambia habari za nyuma ya zizi letu?"

Akaniinamia anione vizuri. "Wewe ndiye yule wa bakuli?"

"Ndiye."

"Hakuna aliyeniambia, ng'wana wane. Nilimwona baba yako anavyokimbilia vichakani, anavyokunywa maji, anavyolegea. Nikamjua. Sisimizi wa kwangu nyuma ya nyumba walikuwa wengi kuliko wake." Akageuza bahasha mkononi. "Nilikuwa naogopa. Nikaona nimcheke yeye kabla watu hawajanicheka mimi. Nilijua ningi mwenye ugonjwa ule amekwisha. Halafu nikamwona anapiga magoti mchana kweupe, anakula, anainuka, ananishinda."

Baba alikuwa akitazama miguu yake na kutabasamu, na nikaelewa kwamba alijua tangu siku ya kibuyu.

Hesabu ya ushindi kwetu ni hesabu ya watu uliowavuta. Siku ile Ngulyati niliwaona wote waliokuja mbio na vumbi lao, na nimejivunia maisha yangu yote. Lakini aliyevutwa kuliko wote hakusogea hata hatua moja. Alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, chatu shingoni, kiu kooni, akimtazama mtoto mwoga akimlisha baba yake michembe.